Nilimwandikia Hoja Sita ili Aendelee Kuja, na Sasa Ofisi Inahama

Mpendwa mshauri wetu Mama Kweupe, shikamoo.

Naomba msaada wako, na naomba uwe wa haraka, maana nina mpaka Ijumaa ya wiki ijayo saa tisa alasiri, baada ya hapo hata ukinishauri vizuri namna gani itakuwa maji yameshamwagika, na kabla sijaendelea naomba jina langu ulihifadhi, si kwamba mimi ni mtu mkubwa, hapana, mimi ni karani wa leseni tu, meza ya tatu kutoka mlangoni, ile yenye mguu mmoja uliowekewa kipande cha kadibodi, lakini hata karani ana mama, na mama yangu anausoma ukurasa wako kabla hajasoma matangazo ya vifo.

Kazi yangu ni maombi ya leseni za kuuza bidhaa kwa mkopo, yaani mtu akitaka kumuuzia mwenzake friji au kitanda, achukue leo alipe kidogo kidogo, lazima awe na leseni yetu. Ombi likifika mimi ndiye wa kwanza kulisoma, nikikuta limekamilika nalipeleka kwa mkuu wetu, ambaye tunamwita Mzee Muhuri kwa sababu muhuri wa ofisi haumtoki mfukoni hata akienda msalani, na nikikuta limepungua naandika hoja, ndiyo ile karatasi ya kumwambia mwombaji lete hiki, rekebisha kile. Na hapa ndipo ulipo ugonjwa wangu, Mama, kwa sababu kwa taratibu zetu ombi likikamilika ofisi ina siku tisini za kutoa jibu, lakini hoja ikiandikwa siku zinasimama, hazihesabiwi tena mpaka jibu la mwombaji liingie kwenye faili.

Miezi kumi na moja iliyopita akaingia dada mmoja muuza vyerehani, amepanda ghorofa tatu kwa miguu maana lifti yetu ilikufa kabla mimi sijaajiriwa, akaegemea meza yangu akahema weee, kisha akasema kwa sauti ya kusikika ofisi nzima, "Hii ofisi mngeiweka mbinguni kabisa, tujue moja," wote wakacheka, hata Mzee Muhuri akacheka, ila mimi sikucheka kwa sababu nilikuwa nimeshakwisha. Nikaichukua fomu yake nikaanza kuisoma, na kwa kuwa nimeamua kusema ukweli wote, kipengele cha kwanza kukiangalia kilikuwa cha hali ya ndoa, pale alipoandika HAJAOLEWA kwa herufi kubwa za kusomeka. Duka ni la marehemu baba yake, yeye huuza vyerehani na kwenye chumba cha nyuma huwafundisha wanawake kushona, na leseni aliitaka ili wanaohitimu waondoke na cherehani wakakilipe kwa miezi kumi, maana wa kulipa taslimu hakuna hata mmoja.

Hoja ya kwanza nilimwandikia kwa haki, naapa, picha yake ilikuwa na ukuta wa bluu nyuma na kanuni zinataka mweupe. Siku ya tatu akarudi na picha mpya, akaiweka mbele yangu akauliza, "Hapa sasa ni mtu au bado kivuli?" Ombi likawa limekamilika, Mama, lilikuwa halina hata doa, nilitakiwa niinuke, nitembee hatua kumi na nne mpaka kwa Mzee Muhuri, niliweke mezani kwake, basi. Lakini nikawaza, nikilipeleka huyu hana sababu ya kurudi hapa tena maisha yake yote, na mkono wangu, sijui niseme ni mimi au ni mkono, ukaandika hoja ya pili, kwamba ramani ya duka haionyeshi mlango wa nyuma.

Akaja akauchora palepale mezani kwangu kwa rula yangu, akachora na paka anayelala mlangoni hapo, tukacheka. Ya tatu nikaandika kwamba saini ya ukurasa wa saba imelala kuliko ya ukurasa wa pili, akaja akatia saini ishirini kwenye karatasi moja akaniambia, "Chagua mwenyewe, kama mtu anayechagua nyanya." Ya nne nikataka uthibitisho kwamba duka lina mtungi wa kuzimia moto, nilidhani ataleta stakabadhi, loo, akaja na mtungi wenyewe, stakabadhi kaifunga shingoni mwake, kaubeba begani ghorofa zote tatu, akautua mezani, ile kadibodi ya mguu ikaruka, akasema, "Huu hapa, uhoji wewe mwenyewe." Ya tano nikataka saa za kufungua duka ziandikwe kwa maneno pamoja na tarakimu. Ya sita, Mama, naona haya kuiandika, sikuwa na kitu tena cha kuuliza, nikaandika maneno mawili tu, "Mwombaji afafanue," nikaweka nukta. Naye chini yake akaandika, "Nifafanue nini?" na karatasi hiyo nilikaa nayo wiki nzima nikiitazama.

Sasa utaniuliza majibu yake yako wapi. Yako kwenye droo yangu, chini ya kopo la sukari, yote matano, kila moja limegongwa tarehe ya kupokelewa, kwa sababu nikiyaingiza kwenye faili siku zinaanza kutembea, na kila faili letu kurasa zake zina namba kwa wino, kwa hiyo anayelifungua faili lake leo anakuta hoja, hoja, hoja, hakuna jibu, kama vile ni mwombaji mzembe aliyetoroka. Anayejua ni mmoja tu, Dada wa Masijala, mtunza mafaili wetu, ambaye kila jibu likiletwa hupita kwake likagongwa tarehe, kisha linarudi kwangu, na siku moja aliniuliza, "Kaka, hili faili la leseni au la posa?" nikamwambia ni la leseni, akasema, "Haya, mapenzi ni kikohozi, endelea kuziba mdomo tuone."

Mambo yangekwenda hivyohivyo mpaka nipate ujasiri wa kumwambia, kumbe serikali nayo ilikuwa na mipango yake. Ukaja waraka kwamba kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao leseni za mkopo si zetu tena, zinakwenda kwa Mamlaka mpya, ile iliyopewa jengo la vioo lenye lifti mbili zinazopanda kwelikweli, na maombi yote ambayo hayajajibiwa tuyagawe mafungu mawili, yaliyokamilika yanahamia huko na tarehe yake ileile ya mwanzo, yataamuliwa kwa masharti ya zamani, lakini yenye hoja ambazo hazijajibiwa yanarudishwa kwa wenyewe, waanze upya, ada mpya, foleni mpya, na masharti mapya ambayo mtaji wake ni mara tatu ya ule wa zamani. Orodha ya mafungu hayo naiandika mimi. Ni ya Ijumaa hiyo niliyokutajia. Na kwa karatasi zilivyo faili lake ni la fungu la kurudishwa, na majibu nikiyaingiza leo, zile tarehe zilizogongwa zitanishtaki.

Jumanne iliyopita akaja, safari hii sikumwita, alikuwa amesikia minong'ono. Akaketi akaniambia wakala amemshikia vyerehani thelathini kwenye ghala lake mpaka mwisho wa mwezi huu, asipoonyesha leseni au barua ya kwamba ombi lake liko hai, vinauzwa kwa mwingine, na ana wanawake wanane waliohitimu tangu mwaka jana wanakuja dukani kila asubuhi kuuliza, wawili wameanza kushona kwa mkono. Akauliza, "Karani, mkihama, faili langu linahamaje?" Nikasema, "Litahama tu, usijali." Akainuka, akanipa mkono, akasema, "Asante kwa kunivumilia. Mwingine angeshanichoka na makosa yangu."

Makosa yake! Mama Kweupe, tangu Jumanne chakula hakipiti. Dada wa Masijala ananiambia nichomoe zile hoja tano usiku usiku, niandike upya namba za kurasa, faili liingie fungu la kuhama, nani atajua, kila mtu yuko katikati ya kufunga maboksi. Kwa upande mwingine nawaza kwenda kwa Mzee Muhuri nikaungame, lakini kuna jambo sijakuambia, makarani wanne wamechaguliwa kuhamia Mamlaka na mimi ni mmoja wao, na kule mshahara si huu wa kununulia sukari ya kopo, nikiungama hilo nitalisahau kabisa, na pengine hata hii kazi. Na wazo la tatu, usinicheke, nawaza nimfuate dukani nimwambie nampenda, nimwoe, halafu mambo ya leseni tutayamaliza nyumbani kama watu wa familia. Nifanye lipi? Nichomoe, niungame, au nipose?

Wako katika dhiki,
Karani wa Meza ya Tatu

MAMA KWEUPE ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilifika Ijumaa, nikairusha foleni mbele ya barua ishirini za watu wenye shida zao, na najua wewe kwa kazi yako unaelewa maana ya kurushwa foleni, kwani unaelewa vizuri sana kinyume chake.

Nimecheka, sitakuficha. Nilipofika kwenye mtungi wa kuzimia moto mhariri alikuja kuchungulia kama niko salama. Halafu nikachukua kalamu nikahesabu. Ombi lake lilikamilika siku aliyoleta picha ya pili, wiki ileile ya kwanza. Ongeza siku tisini. Maana yake huyu binti alistahili jibu karibu miezi minane iliyopita, na wale wanawake wanane wangekuwa sasa hivi wanashona sare za shule. Hapo kicheko kikakata. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini wewe janga umechuma peke yako, ukawaita wageni waje wale.

Kupenda si kosa. Mimi mwenyewe ujanani nilipendwa na fundi saa, kila nikimpelekea saa yangu ananirudishia inachelewa dakika tano, wiki ijayo narudi tena. Nilipogundua nilimdai nauli zote, na alizilipa, na nikamnunia mwaka mzima kabla hajanioa. Sasa yule alichezea saa yangu mimi, kitu cha mkononi. Wewe umechezea riziki ya mtu, kwa kalamu ambayo si yako, ni ya umma. Na unaniambia mkono ndio ulioandika! Mkono wako una akili kuliko kichwa? Kila hoja uliyoandika ulikuwa umeketi, umefikiri, umeweka na nukta.

Na lingine nikutoe ndotoni mapema. Mwanamke anayebeba mtungi wa chuma ghorofa tatu hajaja kukuona wewe. Anataka leseni. Utani wake ni tabia yake, huenda anamtania hata mpima mita wa maji. Inawezekana anakupenda, sijui, naye hajaulizwa. Lakini usihesabu safari zake sita kama safari za mchumba, maana ulimwita kwa barua ya serikali, angeachaje kuja?

Tuje kwenye maswali yako.

Kuchomoa, hapana. Sitaki kusikia. Njia ya mwongo ni fupi, na hii fupi yake ina namba kwa wino. Hebu fikiria, faili linafika kwenye hilo jengo la vioo, ofisa mgeni asiyekujua wewe wala paka wa dukani anakuta kurasa zimeng'olewa na namba zimeandikwa upya. Atamshuku nani? Hatasema karani alikuwa anapenda. Atasema mwombaji alimpa mtu kitu kidogo. Ombi litazuiwa, na binti wa watu ataitwa akahojiwe kwa wizi wa kurasa ambazo hata hakuzing'oa. Umeshamharibia muda, sasa unataka umharibie na jina? Na huyo Dada wa Masijala mwambie namheshimu, methali yake ya kikohozi ni nzuri, ila dawa yake ni sumu.

Kuposa ili mambo ya leseni muyamalize nyumbani, hilo ndilo baya kuliko yote, nawe umeliandika kana kwamba ni la kuchekesha. Ombi lake liko mkononi mwako. Ukimfuata leo ukamwambia unampenda, atajibuje? Akikataa anaogopa faili litarudishwa. Akikubali hutajua kamwe kama amekubali wewe au amekubali vyerehani thelathini. Mtu hapewi swali la moyo huku ameshikwa koo. Liache.

Linabaki moja, na wewe ulikuwa unalijua ndiyo maana ukaliweka katikati lisionekane.

Nilimpigia simu shemeji yangu aliyestaafu ofisi kama yenu, sikukutaja, nikamuuliza inakuwaje. Akanijibu bila hata kufikiri: ombi huhesabiwa limekamilika siku karatasi zilipopokelewa, si siku karani alipojisikia kuziweka kwenye faili. Na karatasi zako zimegongwa tarehe za kupokelewa, zote tano. Unaona? Kilichokuwa kinakutia hofu kwenye droo ndicho kitakachomwokoa. Mshukuru Dada wa Masijala kwa hilo angalau.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya chai, toa majibu hayo chini ya sukari, yapanguse chembe za sukari, yapange kwa tarehe. Usichomoe hata karatasi moja na usifute hata herufi. Andika dokezo kwa mkuu wako, la ukurasa mmoja, lugha yenu ya ofisi mnaijua. Sema ombi lilikamilika tarehe fulani. Sema hoja ya pili mpaka ya sita hazikutakiwa na kanuni yoyote na uliziandika wewe. Sema majibu yalikuja kwa wakati na yalikaa kwako. Kisha sentensi moja tu kuhusu moyo: kwamba una mvuto binafsi kwa mwombaji na hustahili kulishika faili hili tena, apewe ofisa mwingine alikague na aamue liingie fungu gani. Moja, Karani! Usimwandikie Mzee Muhuri habari za kicheko cha binti. Mzee wa watu ana kazi ya kufunga ofisi.

Halafu tembea zile hatua kumi na nne ulizozihesabu ukaacha kuzitembea. Mpe mkononi. Usiliache kwenye trei. Mwombe, mbele ya huyo ofisa mwingine, mwombaji aandikiwe barua siku hiyohiyo yenye muhuri, inayosema ombi lake limekamilika tangu tarehe ile na linahamia Mamlaka. Hiyo barua ndiyo wakala wa ghala anaitaka, na mwisho wa mwezi haumsubiri mtu.

Ukimaliza hapo, rudi mezani kwako ufungue mafaili mengine yote. Najua hujawapenda waombaji wote wa mji, lakini mtu aliyekuwa anasubiri hatua za binti mmoja kwenye ngazi kwa miezi kumi, mafaili ya wengine alikuwa anayasoma saa ngapi? Kama kuna muuza vitanda mwenye masharubu ambaye jibu lake limelala mahali, na yeye ana haki yake, hata kama hakuchekeshi.

Ndipo uende dukani kwake, mchana, mlango wa mbele. Usiende na zawadi. Usivae shati la sikukuu. Mpe nakala ya dokezo lako, ili akitaka kukushtaki awe na karatasi ya kushtakia, na umwambie kwa mdomo wako kwamba hakuwa na kosa hata moja baada ya ile picha ya bluu. Hilo ndilo analodaiwa kusikia, kwa sababu amekwenda nyumbani mara tano akijiona mjinga. Akikufokea, simama ufokewe. Akikutupia rula, ukwepe lakini usikimbie. Akikuuliza kwa nini ulifanya vile, jibu kweli, kwa kuwa ameuliza, sentensi moja kama ya dokezo, kisha nyamaza na uondoke. Siku hiyo huombi kitu. Hata msamaha, usiombe kwa namna ya kumlazimisha aseme haya yamekwisha. Hayajaisha. Ana wanawake wanane wa kuwaeleza.

Kazi ya Mamlaka? Pengine utaikosa. Sitakudanganya kukufurahisha. Pengine Mzee Muhuri atakupa onyo tu kwa kuwa umejisema mwenyewe, pengine utabaki na ile meza ya kadibodi peke yako wenzako wakipanda lifti. Utalia kidogo, mama yako atakupikia, utaishi. Lakini ukihamia kule na siri hii, utakuwa unahama na droo yako.

Na ninyi wasomaji wangu wengine mnaouza kwa mkopo na maombi yenu yamekwama huko, msikae nyumbani mkingoja kuambiwa. Nendeni na stakabadhi zenu, ulizeni kwa maandishi ombi limewekwa fungu gani na kwa tarehe ipi, na kama mliandikiwa hoja, ulizeni jibu lenu liko ukurasa wa ngapi. Karani mwenye faili safi hatakasirika. Atakayekasirika, mnielezee mimi.

Karani, jibu hili nimekutumia Jumatatu kwa simu ile uliyoandika nyuma ya bahasha. Gazeti linatoka Alhamisi na orodha yako ni Ijumaa. Jina lako sikulitaja kama ulivyoomba, ila vyerehani sikuweza kuviita kitu kingine, na mjini hapa hakuna wauzaji kumi wa vyerehani waliobeba mtungi wa kuzimia moto kwenda kuomba leseni. Kwa hiyo kama leo ni Alhamisi na bado hujasema, acha kusoma. Huyo anayepanda ngazi akihema, na gazeti hili kalikunja kwapani, safari hii amekuja kukuona wewe.